Mradi wa Historia Sio Manila na Gundi: Niliyowaambia Wazazi pale Mikindani

Hii ni hotuba niliyoongea Jumamosi kwenye kikao cha wazazi hapa Mikindani, Mtwara. Kuna waliochelewa, na kuna waliokaa nyuma wakawa wanasikia bodaboda tu, ndo wakaniomba niiandike. Nimeiandika vile vile nilivyoongea, nilichotoa ni kukohoa tu.

Assalaam alaykum, na wengine Bwana asifiwe. Wazee wangu shikamooni. Mama zangu, baba zangu, tumshukuru Mungu tumefika salama.

Wengi wenu mnanijua, mimi ndo yule wa steshenari, wa fotokopi na vyeti vya kuzaliwa. Ualimu sijasomea. Nimeitwa hapa kwa sababu wanangu watatu wamejulikana mtaani kwa fujo za kamba na matope, mwenyekiti akaona bora mama yao aje ajieleze mwenyewe.

Nianze kwa kukiri. Mwaka juzi kuna shule, siitaji, iliwapa watoto mradi wa historia, kila mmoja alete kazi kuhusu Kilwa. Basi wazazi si mnajijua, mradi umetolewa Jumatatu, mtoto anausema Alhamisi usiku, saa mbili na nusu mama yuko dirishani kwangu na kanga begani, "dada nitolee Kilwa." Nikawatolea Kilwa. Nikaingia intaneti nikachukua picha moja nzuri ya ngome, nikaiprinti, nikaibandika kwenye manila, nikazungushia na makapeni nyekundu, elfu tatu. Akija mwingine, hiyo hiyo. Nadhani nilitoa Kilwa ishirini na kitu usiku ule, na biashara ilikuwa nzuri msinione vibaya. Wote walipata vema. Baada ya kama miezi miwili nimekaa zangu natazama ile picha ndo nagundua haikuwa Kilwa kabisa, ilikuwa Ngome Kongwe ya Unguja! Mwalimu hakuona, mzazi hakuona, mtoto hakuona, na mimi niliyeuza sikuona. Sasa hapo nani kasoma historia?

Usiku nilipogundua hivyo sikulala vizuri, mana katika wale ishirini na kitu mmoja alikuwa wangu.

Tangu hapo nikaanza kufanya na wanangu vitu nyumbani, siku za likizo na Jumapili jioni, na leo nataka niwaambie vitatu vinne tu, pamoja na kimoja nilichoharibu. Ila kabla ya hapo niseme kitu kimoja ambacho kwangu ndo kipimo. Tukimaliza kutengeneza chochote, swali langu kwa watoto ni moja, kazi hii aliifanya nani na alipata nini? Sio aligundua nani wala alitawala nani. Nani alibeba, nani alichimba, nani alipika. Mtoto asipofika kwenye hilo swali tumecheza tu, tukanawe mikono tule.

Nianze na mchicha.

Mwaka jana likizo ya mwezi wa sita niliwapa watoto kipande nyuma ya nyumba, nikawaambia limeni, pandeni mchicha, mwagilieni asubuhi na jioni. Hawakuuliza wa nani. Walimwagilia kwelikweli, na bomba letu mnalijua, siku maji hayatoki wanakwenda na dumu mpaka kwa jirani. Wiki ya nne mchicha umestawi unapendeza, nikaamka mapema nikauchuma wote, nikaufunga mafungu, nikauza, nikapata shilingi 6,000. Jioni nikawaita nikampa kila mmoja shilingi hamsini. Moja moja.

Jamani, mngeona zile sura. Mkubwa alinyamaza. Mdogo akafikiri natania akasubiri nicheke. Yule wa kati, ambaye ndo ana mdomo, akaniuliza "mama hiyo elfu sita nyingine iko wapi", nikamwambia ni yangu, shamba ni langu. Akasema lakini maji tumebeba sisi. Nikamwambia ndiyo, na kesho mtabeba tena. Kesho yake asubuhi dumu halionekani! Kumbe kalificha juu ya bati, anakataa kazi.

Hapo ndo nikawakalisha kwenye mkeka nikawaambia, sasa nawasimulia habari ya watu wa Umatumbi. Kule milimani Kilwa, mkoa huu wa jirani wa Lindi, serikali ya Mjerumani iliwalazimisha watu kulima pamba kwenye mashamba ya pamoja, ukikataa ni viboko, alafu ukimaliza unachopewa hakina maana. Mwezi wa saba 1905 watu wa Nandete wakaingia shambani wakang'oa pamba. Sio bunduki iliyoanza, ni miche kung'olewa. Na kule Ngarambe alikuwepo Kinjikitile Ngwale, anawapa watu maji ya dawa, wanaamini risasi itageuka maji, na ile dawa ndo iliwaunganisha watu ambao hata kuoana walikuwa hawaoani. Tarehe 4 mwezi wa nane mwaka huo huo Wajerumani wakamnyonga pale Mohoro, lakini vita, ndo hiyo ya Majimaji, ilishatoka mikononi mwao, ikaenda mpaka 1907, ikafika Liwale, ikafika Masasi, ikafika Ungoni.

Yule wa kati alisikiliza mdomo wazi. Nawaambieni ukweli, mimi nilisoma Majimaji darasani nikakariri sababu tano za vita na matokeo matano, nikapata alama zangu, na sikuwahi kukasirika hata siku moja. Mwanangu kakasirika kwa ajili ya mchicha. Na hawezi tena kusema lile neno ambalo watu wazima wanalisema mpaka leo, kwamba wale wazee walikuwa wajinga kuamini maji. Yeye alificha dumu juu ya bati na alijua kabisa nitaliona!

(Hela yao niliwarudishia, msije mkanisema. Nikatoa na ya juu.)

Sasa la pili, na hili ndo linaloleta watu dirishani kwangu kuuliza, habari ya kamba.

Mnajua Tendaguru? Wengine mnaijua kwa jina. Ni kilima kipo kama kilomita 60 kaskazini magharibi ya Lindi mjini. 1906 Mjerumani mmoja wa madini, Sattler, alionyeshwa mifupa mikubwa imetokeza njiani, na kuanzia 1909 mpaka 1913 wakaja wataalamu kutoka Berlin wakachimba. Ilitoka mifupa ya dainosaria wa miaka kama milioni 150 iliyopita, sisi tunamwita mjusi ingawa mjusi gani huyo. Mmoja wao wamemsimamisha kwenye jumba la makumbusho Berlin tangu 1937, urefu wake kwenda juu ni mita 13 na senti 27.

Ukimwambia mtoto mita 13 anasema sawa. Hajui mita 13. Kwa hiyo tukanunua kamba ya manila, ile ya kufungia mizigo, tukapima kwa futi ya fundi wa cherehani anayekaa karibu na mimi, tukakata mita 13 na senti 27 kamili mana wa kati alikataa kabisa tuache zile senti. Alafu wakataka kuiona imesimama. Tukamwomba kijana mkwezi wa nazi apande na ncha moja. Akapanda mnazi wa jirani mpaka kwenye makuti, kamba bado imelala chini imebaki! Mkwezi akapiga kelele toka juu "huyu mjusi wenu angekula nazi bila kupanda." Watoto mtaa mzima walikuwa wameshajaa, na huo ndo mwanzo wa sifa yetu mbaya.

Ingeishia hapo ingekuwa burudani tu. Usiku nikawauliza swali letu. Nani alibeba? Mana 1909 Tendaguru hakuna barabara wala gari. Mifupa ilifungwa vizuri na plasta na udongo, ikabebwa vichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa kama siku nne, na jumla iliyoondoka ni zaidi ya tani 200. Tukachukua kalamu. Tukasema tu tuchukulie kila mtu kabeba kilo 30, tani 200 ni kilo 200,000, gawanya, inakuja mizigo zaidi ya 6,600. Mkubwa ndo alipiga hesabu. Alafu asubuhi nikampa kila mmoja mzigo wake, mkubwa dumu la lita 20, mdogo kidumu cha lita 3, tukatoka nyumbani mpaka ufukweni na kurudi. Hata kilomita mbili hazifiki. Mdogo alilia njiani. Mkubwa alipotua akakaa kimya alafu akauliza, hao watu walikuwa wamekula?

Mimi mwenyewe sikuwa nimeliwaza hilo. Nikaanza kuhesabu miaka. Majimaji imeisha 1907. Wajerumani walichoma mashamba na maghala ili watu wasalimu amri, njaa iliua wengi kuliko risasi. Na 1909, miaka miwili baadae, ndo mifupa inabebwa, nchi hii hii ya Lindi. Yaani wale wachukuzi ni watu waliotoka kwenye ile njaa. Nimeuza vitabu vya historia miaka yote hii, na hayo mambo mawili sikuwahi kuyaweka pamoja mpaka mtoto aliyechoka na dumu alipouliza chakula.

Na kuna jina la kuwapa watoto hapa. Msimamizi wa wachimbaji, aliyekuwa na ujuzi wa mifupa kuliko wengi waliokuja na meli, anaitwa Boheti bin Amrani. Wachimbaji na wachukuzi kuna misimu walifika zaidi ya 400. Mfupa umepewa jina la Kilatini, lakini sisi nyumbani ile kamba tunaiita kamba ya Boheti.

Hapo hapo mtoto atauliza mifupa itarudi lini. Mwambieni ni swali zuri, hata wabunge wetu wameshalipigia kelele. Msijifanye mna jibu.

Kilwa sasa, mana nina deni nayo.

Kwa hasira ya ile picha nilianza na msikiti mkubwa, tukaujenga kwa maboksi ya biskuti na gundi ya unga wa muhogo, siku mbili, kuba tumetumia vifuu vya nazi, umetoka mzuri ajabu. Usiku panya wakala ukuta wa kaskazini wote kwa sababu ya ule muhogo. Sikuurudia. Nikahamia kwenye sarafu, na huu mradi haukugharimu hata mia.

Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, zina maandishi ya Kiarabu pande mbili, na uzuri wake maandishi yale yana vina, upande huu jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtukuza Mungu, na mwisho vinalingana, kama shairi la mistari miwili ndani ya kitu kidogo kama kifungo cha shati. Sisi tukachukua udongo wa mfinyanzi, tukabonyeza vibonge, tukaandika na mwiba wa ndimu, tukaanika. Masharti, lazima pande mbili ziwe na vina. Mkubwa aliandika kitu cha heshima. Wa kati, upande mmoja "Sultani wa Shangani", ukigeuza, "Hakopi dukani." Nimeiweka kwenye kaunta yangu mpaka leo na imenisaidia sana na wadeni.

Sarafu inakupeleka mbali. Kilwa ilikuwa inapitisha dhahabu ya Sofala kule Msumbiji, msafiri Ibn Battuta alifika 1331 akausifu mji, 1505 Wareno wakaja na meli wakaupora. Wareno hao hao ndo tunawadai na kuwashukuru kwa mkorosho, ulitoka Brazili kwenye meli zao, saivi ndo unatusomeshea watoto. Na kuna sarafu za Kilwa zimeokotwa 1944 kwenye visiwa vya kaskazini mwa Australia. Zilifikaje, wataalamu bado wanabishana, na wanangu wana majibu yao manne, moja lina nyangumi.

Mwaka 1890 Machemba, mkubwa wa Wayao huku juu uwanda wa Makonde, alimwandikia barua Wissmann, mkuu wa Wajerumani, na aliandika kwa Kiswahili, kwamba urafiki na biashara karibu ila kuwa chini yako sioni sababu. Mpeni mtoto karatasi aandike barua ya kumkataa mtu mkubwa bila kutukana hata neno moja. Ni kazi ngumu kuliko inshaa yoyote. Hiyo tu, nyie wenyewe mtaona inavyokwenda.

Sasa nilichoharibu.

Sisi tupo Mikindani, na hapa tulipo, kabla Mjerumani hajajenga boma lile 1895, palikuwa na biashara ya watumwa. Misafara ilitoka upande wa ziwa Nyasa ikashukia pwani hii, mingi Kilwa Kivinje na mingine hapa. Mimi kwa kuvimba kichwa na mafanikio ya mchicha nikasema hili nalo tuliigize. Nikawafunga wanangu watatu kwa kanga, kiunoni, mmoja nyuma ya mwingine, tukatembea uani. Dakika tano hazikufika. Mdogo, ana miaka sita, akaanza kutetemeka, nikafungua haraka, lakini usiku alikojoa kitandani na asubuhi akaniuliza kama kuna siku nitamuuza.

Mama zangu, msifanye hivo. Kuna mambo hayaigizwi. Tulichofanya baadae ni kumpeleka ufukweni jioni, nimemshika mkono, nikamwonyesha maji nikamwambia watu waliondokea hapa na hawakurudi, na sisi tunawakumbuka. Akatupa ua. Inatosha kwa miaka sita. Mkubwa yeye tulienda naye mbali zaidi, tukaongea na habari ya Livingstone, yule mmisionari, aliyekaa hapa 1866, na kwamba alipofia kule bara 1873, mwili wake walioubeba mpaka pwani ya Bagamoyo ni watumishi wake, kina Chuma na Susi na wenzao, kwa miguu, miezi. Tumerudi kwenye nani alibeba. Kila mlango unatufikisha hapo hapo.

La mwisho nalisema haraka mana naona akina mama mnaangalia jua. Karanga. Bandari yetu ya Mtwara hii yenye kina kirefu ilijengwa kwa sababu ya karanga. 1947 Waingereza walikuja na mpango wa kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakaleta matrekta, wengine wakageuza vifaru vya vita kung'olea visiki, wakajenga reli, mpaka 1951 wakauacha, zaidi ya pauni milioni 35 zimepotea. Kongwa udongo ukikauka unakuwa saruji. Chukueni kopo mbili, moja mchanga, moja mfinyanzi, pandeni karanga zote mbili, siku za kuvuna msimwagilie wiki nzima, mwambieni mtoto ang'oe. La mchanga zinakuja na karanga zake. La mfinyanzi majani yanabaki mkononi. Wanangu walicheka, alafu mzee mmoja jirani aliyekuwa anatazama akasema yeye utotoni alikuwa anatoroka madrasa kwenda kuangalia lile treni la Nachingwea. Nimekaa na mzee yule nyumba ya tatu miaka tisa, sikujua kama aliona treni! Reli iling'olewa miaka ya 60, yeye anakumbuka hata honi, akatupigia honi pale pale, watoto wakamfuata kama mabehewa.

Kuna baba aliuliza hapa mwanzoni muda tutautoa wapi, na msimu wa korosho unakuja. Baba yangu, kopo la karanga halitaki muda wako. Sarafu ni jioni moja. Mchicha si utakula. Mtoto akiwa shambani anaokota korosho tayari kazi ipo mkononi, kilichobaki ni wewe kumsimulia mkorosho ulitoka wapi wakati mnatenga mabibo. Na shule saivi wana somo la Historia ya Tanzania na Maadili, sio kwamba mnamchanganya, mnamtangulizia.

Basi. Jumamosi ijayo saa kumi jioni tupo uwanjani tunapima mjusi, safari hii mzima, toka kichwa mpaka mkia, ni zaidi ya mita 20, kamba yangu haifiki kwa hiyo mwenye kamba aje nayo, asiye na kamba aje na mtoto. Ming'oko ya kuchemsha nitaleta mimi. Na yule mama aliyeninong'oneza mlangoni kama naweza kumtolea picha ya mjusi niliyoilamineti ampelekee mtoto Jumatatu, hapana mama, siuzi.